Metali Ardhini na Ushahidi wa Medani za Vita katika Mkoa wa Mara

Vita vikiisha, majeshi huondoka, majani huota, na baada ya miaka michache mahali palipopiganwa hufanana na mahali pengine popote. Hubaki simulizi za wazee, hubaki taarifa zilizoandikwa na maofisa, na hubaki vitu vidogo vya metali vilivyoanguka na kufunikwa na udongo. Simulizi na taarifa hizo zimechunguzwa na wanahistoria kwa muda mrefu. Vitu vya metali ndivyo ambavyo havijaulizwa sana, hasa katika Afrika ya Mashariki. Makala haya yanaeleza chombo kinachotumika kuvitafuta, utaratibu wa kuvitafuta, na mambo ambayo uchunguzi wa namna hiyo unaweza kuyaonyesha katika nchi ya Musoma, Bunda, Butiama na majirani zao.

VITA VYA 1914–1918 KANDO YA ZIWA

Wanafunzi wengi wamesoma habari za mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 na ya Mahiwa ya Oktoba 1917. Pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria haitajwi sana, ingawa nayo ilikuwa uwanja wa vita. Wajerumani walikuwa na vituo Shirati, Musoma na Ikoma, na mpaka wa koloni la Waingereza haukuwa mbali. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka huo kikapigana na Waingereza huko Kisii. Novemba mwaka huohuo meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikaachwa ufukoni. Januari 1915 Waingereza waliteka Shirati, na Mei 1915 walipeleka askari Majita ili kuikwamua meli yao. Mwaka 1916 waliteka Ukerewe mwezi Juni na Mwanza mwezi Julai.

Hata baada ya hapo vita havikuisha. Februari 1917 kikosi kimoja cha Wajerumani kilijitenga na jeshi kuu kusini kikageuka kuelekea kaskazini, kwanza chini ya Wintgens na baadaye chini ya Naumann. Juni 1917 kikosi hicho kilifika Ikoma, kikajihami katika ngome ya zamani ya Wajerumani wenyewe, na jeshi la Wabelgiji lililoishambulia likarudishwa nyuma kwa hasara.

Matukio hayo yanajulikana kwa kalamu za maofisa wa Kizungu. Lakini wengi wa waliopigana walikuwa askari Waafrika, na waliobeba chakula, maji na risasi walikuwa wapagazi Waafrika, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita vile. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Watu hao hawakuandika taarifa. Alama walizoziacha katika udongo ni sehemu ya ushahidi wao, na ushahidi huo ukipotea hautaandikwa mara ya pili.

CHOMBO KINAVYOFANYA KAZI

Chombo cha kugundua metali kimejengwa juu ya kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme. Katika sahani iliyo mwisho wa mpini wa chombo mna koili ya waya. Mkondo wa umeme hupitishwa humo ukibadilisha mwelekeo mara maelfu kwa sekunde, na hivyo hufanya uga wa sumaku unaobadilika-badilika na kupenya ardhini. Uga huo ukikuta kipande cha metali, huzaa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hufanya uga wake dhaifu wa sumaku, nao hupokewa na koili ya pili na kugeuzwa kuwa sauti katika sikio la mpimaji.

Shaba, risasi na chuma haviitikii kwa namna moja. Shaba hupitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo mikondo ndani yake hudumu kitambo. Chuma, zaidi ya kupitisha umeme, huvutwa na sumaku, kwa hiyo itikio lake ni la namna nyingine. Chombo kizuri hutofautisha maitikio hayo, na mpimaji mzoefu huweza kukisia kilichomo kabla ya kuchimba. Hapa ndipo chombo hiki kinapotofautiana na dira. Dira hutikiswa na msumari wa chuma uliowekwa karibu nayo, lakini haishtuki hata kidogo mbele ya ganda la risasi lililotengenezwa kwa shaba na zinki.

Udhaifu mkubwa wa chombo ni kina. Ishara ya kitu kidogo hupungua haraka mno kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili ishara huweza kupungua zaidi ya mara 60. Ndiyo maana ganda la risasi hupatikana kwa kawaida katika sentimita 20 hadi 30 za juu tu. Kwa bahati njema, medani ya vita isiyofunikwa na mmomonyoko huwa na vitu vyake katika tabaka hilohilo.

Historia ya chombo hiki ilianza na risasi moja. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akajaribu kuitafuta risasi hiyo mwilini kwa chombo alichokiunda mwenyewe. Hakufanikiwa. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za metali zilizovuruga ishara, na daktari alimruhusu kupima upande mmoja tu wa mwili, kumbe risasi ilikuwa upande mwingine. Makosa hayo mawili, yaani metali ya kando na eneo lisilopimwa, ndiyo yanayowasumbua wapimaji hadi leo. Katika Vita Kuu ya Pili mhandisi wa Kipolandi, Józef Kosacki, alitengeneza mwaka 1941 chombo cha kubebwa mkononi cha kutafuta mabomu ya ardhini, nacho kilitumika El Alamein mwaka 1942.

GANDA NA KICHWA CHA RISASI

Msomaji atambue tofauti moja iliyo msingi wa kazi yote. Askari anapopiga bunduki, kichwa cha risasi huruka kwenda mbali, lakini ganda hubaki. Anapovuta komeo la bunduki ili kuweka risasi nyingine, ganda tupu huangukia hatua chache kutoka miguuni pake. Basi ganda huonyesha mahali alipokuwa mpigaji, na kichwa cha risasi huonyesha mahali alipokuwa mlengwa, au nyuma yake kidogo. Mstari wa maganda ukikutwa juu ya kilima, na vichwa vya risasi za aina hiyohiyo vikikutwa bondeni, uelekeo wa mapigano umejulikana.

Vitu hivyo husema zaidi ya hapo. Mwaka 1914 makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na bunduki za Mauser za muundo wa 1871, zenye risasi ya milimita 11, iliyokuwa kipande kizito cha risasi tupu cha gramu 25 hivi. Baruti yake ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji. Bunduki mpya za muundo wa 1898 zilipiga risasi ya milimita 7.92, na bunduki za Waingereza zilipiga risasi ya milimita 7.7. Kitako cha ganda mara nyingi hugongwa herufi za kiwanda na tarakimu za mwaka, hivyo ganda la mwaka 1916 haliwezi kuwa la mapigano ya mwaka 1915.

Hata hivyo aina ya risasi peke yake haitoshi kumtaja aliyeipiga. Silaha zilizotekwa ziligeukia upande mwingine, na baada ya vita bunduki za zamani ziliendelea kutumika kwa uwindaji. Mtafiti hulazimika kuangalia vitu vingi kwa pamoja na namna vilivyotawanyika. Ganda moja ni kitu kilichookotwa, lakini maganda arobaini yaliyo katika mstari mmoja ni ushahidi.

FUNZO LA LITTLE BIGHORN

Njia hii ilithibitishwa nchini Marekani. Tarehe 25 Juni 1876, kando ya mto Little Bighorn, Wahindi Wekundu wa makabila ya Lakota na Cheyenne walikiangamiza kikosi cha Custer, na kati ya askari waliokuwa pamoja naye hakupona hata mmoja. Kwa zaidi ya miaka 100 habari za siku ile zilielezwa na watu ambao hawakuwapo. Wazee wa Lakota na Cheyenne waliokuwapo walisimulia waliyoyaona, lakini waandishi wengi hawakuwasadiki.

Agosti 1983 moto ulichoma majani ya medani ile na kuiacha ardhi wazi. Mwaka 1984 Douglas Scott na Richard Fox walianza kuipima. Watu wenye vyombo walitembea katika mistari iliyonyooka, wakisimika bendera ndogo kila ishara iliposikika. Kundi la pili lilichimba kwa uangalifu, na kundi la tatu lilipima mahali pa kila kitu kabla hakijaondolewa. Maelfu ya vitu viliandikwa katika ramani.

Kisha maganda yalitazamwa kwa darubini. Pini ya bunduki inapogonga fataki iliyo kitakoni mwa ganda huacha alama, na alama ya kila bunduki ni yake yenyewe, kama ilivyo alama ya kidole cha mtu. Maganda mawili yenye alama moja yaliyookotwa mahali mbalimbali huonyesha kuwa bunduki moja ilisafiri kutoka hapa hadi pale. Kwa njia hiyo watafiti waliweza kufuata nyendo za bunduki mojamoja, na ilidhihirika kwamba wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa na bunduki za aina nyingi, zikiwemo zile za kupiga risasi mfululizo ambazo askari wa Custer hawakupewa. Mpangilio wa maganda ulionyesha safu za askari zikivunjika, jambo lililopatana na masimulizi ya wazee kuliko picha ya ushujaa iliyochorwa baadaye.

Karibu zaidi na Mara, medani za Taita-Taveta nchini Kenya, kama Salaita, ambako majeshi ya Afrika Kusini yalirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916, zimekwisha kutembelewa na wataalamu wa akiolojia walioandika mahali pa mahandaki, kuta za mawe na kambi.

HESABU YA MPIMAJI

Kupima medani ni kazi ya hesabu kabla ya kuwa kazi ya chombo. Chukua eneo la hektari moja, yaani mita 100 kwa mita 100. Mpimaji akipunga sahani kulia na kushoto hupima upana wa mita 1.5 hivi. Mistari ikiwa mbalimbali kwa mita 10, itahitajika mistari 10, sawa na kilomita 1 ya kutembea, na sehemu itakayopimwa ni asilimia 15. Mistari ikiwa mbalimbali kwa mita 2, itahitajika mistari 50, sawa na kilomita 5, na sehemu itakayopimwa ni asilimia 75.

Ikiwa hektari hiyo ina maganda 40 yaliyotawanyika sawasawa, mpimaji wa kwanza atarajie kupita juu ya maganda 6, na wa pili juu ya maganda 30. Lakini maganda ya vita hayatawanyiki sawasawa. Hukusanyika nyuma ya jiwe, kwenye ukingo wa handaki, au penye kichuguu alipojificha mpigaji. Mpimaji wa mistari ya mita 10 anaweza kupita kando ya fungu zima asisikie lolote, akatangaza kwamba hapakupiganwa. Kwa sababu hiyo mistari mipana hutumika kutafuta eneo, kisha mistari myembamba hutumika kulichunguza, na aghalabu eneo hupimwa mara ya pili kwa mistari inayokata ile ya kwanza.

UDONGO WA MARA

Nchi ya Mara ina taabu zake. Miamba ya kale ya Musoma na Mara, ile yenye dhahabu iliyochimbwa wakati wa ukoloni Kiabakari na Buhemba, ina pia matabaka ya mawe yenye chuma kingi. Mawe hayo na changarawe nyekundu itokanayo nayo huitikia chombo, na mpimaji asiyekuwa na uzoefu atachimba mashimo mengi bila kupata kitu. Chombo hurekebishwa kwanza juu ya ardhi isiyo na metali ili kisahau sauti ya udongo wenyewe, na marekebisho hurudiwa kila udongo unapobadilika. Katika mbuga za udongo mweusi za upande wa Bunda shida ni nyingine. Udongo huo hupasuka wakati wa kiangazi na kufumba wakati wa mvua, na kitu kidogo huweza kutumbukia katika ufa na kushuka chini ya uwezo wa chombo.

Tena ipo metali ya maisha ya kila siku. Penye mahame ya vijiji, hasa vile vilivyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, kuna misumari, vipande vya sufuria, majembe na betri. Vyote hupiga kelele katika chombo. Mtafiti hatupi takataka hizo bila kuziandika, kwani nazo ni historia. Hata hivyo humlazimu kuwauliza wazee ni wapi palikuwa na nyumba, ili asiite kijiji medani ya vita.

Kwa vita vya kabla ya bunduki, chombo husaidia kidogo tu. Rungu, ngao ya ngozi na uta havina metali. Vigumba vya mishale na vichwa vya mikuki ni vya chuma, lakini chuma chembamba huliwa na kutu kikaisha. Na kigumba kilichopatikana mlimani huenda kilimkosa adui, au kilimkosa pofu. Katika nchi ya wawindaji hodari kama Waikoma na Waikizu, tafsiri hiyo haiwezi kupatikana bila msaada wa simulizi.

HATARI INAYOUKABILI USHAHIDI

Adui wa ushahidi huu ni wawili. Wa kwanza ni imani kwamba Wajerumani walipokimbia walizika hazina ya dhahabu, na kwamba jiwe lenye alama au boma la kale ni dalili yake. Watu wamechimba mashimo penye magofu ya Wajerumani katika mikoa mingi ya Tanzania. Jeshi lililokuwa likirudi nyuma, likikosa hata dawa na viatu, halikuwa na sababu ya kuacha dhahabu kila kilima. Mashimo hayo hayatoi mali, bali huchanganya matabaka ya udongo na kufuta mpangilio ambao mtafiti angeusoma.

Wa pili ni biashara ya chuma chakavu. Ganda la shaba lina uzito wa gramu chache, na bei yake mizanini ni ndogo mno. Likiwa mahali pake ardhini lina habari. Likishatiwa ndani ya gunia pamoja na mengine, habari yake imekufa, hata kama ganda lenyewe litarudishwa kesho yake, kwa maana hakuna ajuaye tena lilikotoka.

Sheria inahusika pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kuchimba mahali pa kale bila leseni. Ulinzi wake wa moja kwa moja umewekwa kwa vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mahali pa baadaye huhitaji kutangazwa ndipo pahifadhiwe. Medani za 1914–1918 ni za baadaye. Maana yake ni kwamba mahali pasipojulikana hapawezi kutangazwa, na pasipotangazwa pana ulinzi mdogo. Kupima na kuandika ramani ndiyo hatua ya kwanza ya kuhifadhi.

KAZI YA SHULE

Shule haina haja ya chombo ili kushiriki. Kazi ya kwanza ni ya historia. Wanafunzi wawaulize wazee majina ya vilima, vivuko na miti inayohusishwa na vita vya Wajerumani, waandike jina la mahali, nani alisimulia na alisikia kwa nani, kisha waweke alama katika ramani ya wilaya. Bila orodha kama hiyo mtafiti mwenye chombo bora kuliko vyote hajui aanzie wapi.

Kazi ya pili ni ya hesabu. Mwalimu atawanye vifuniko 40 vya chupa za soda katika uwanja wenye majani. Kundi moja la wanafunzi litembee katika mistari ya mita 10, na jingine katika mistari ya mita 2, kila mmoja akitazama upana wa mita 1.5 tu. Kila kifuniko kionyeshwe kwa kijiti, kipimwe, na kichorwe kwenye karatasi ya grafu kabla ya kuokotwa. Kisha zoezi lirudiwe, vifuniko vyote vikiwa vimerundikwa katika pembe moja ya uwanja, na matokeo ya makundi hayo mawili yalinganishwe.

Jambo moja halina mjadala. Risasi ambayo haijapigwa, kombora la mzinga au bomu la mkono huweza kulipuka hata baada ya miaka 100, kwa sababu kutu hula chuma lakini si lazima iue baruti. Mwanafunzi akikuta kitu cha namna hiyo asikiguse, asikigonge, wala asikipeleke shuleni. Aweke alama umbali wa kutosha, awazuie wenzake wasikaribie, na mwalimu awape habari polisi mara moja. Vitu visivyo na hatari, kama ganda tupu, viachwe mahali pake, na habari zake zipelekwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya, zikitaja kijiji, kilima, na hatua ngapi kutoka kwenye mti au mwamba unaojulikana.